Nilimvunja Mkono Siku ya Usaili wa Nane

Jino langu lilipatikana kwenye kokoto za uwanja. Aliyeliokota ni Mpishi, mwenzangu wa usaili. Alilifuta kwa upindo wa blauzi yake, akanitilia kiganjani na kuniambia nilitie mfukoni nisije nikalikanyaga mwenyewe.

Kama wiki jana hukunisoma, nisikuzungushe. Nilikuwa mwezi wa nne naomba kazi kwenye kampuni ya ulinzi yenye geti la bluu. Kazi yenyewe ni kusimama mlangoni pa ghala la mabati na saruji, na kupekua mikoba ya wanawake wanaotoka. Kwa kazi hiyo walikuwa wametufanyia usaili mara saba. Tulianza wanawake arobaini. Tulipimwa urefu, tukakimbizwa, tukaulizwa miji mikuu ya nchi za mbali ambayo hata aliyeuliza alikuwa anaisoma kwenye karatasi. Usaili wa saba waliuita wa uvumilivu. Afande, mkufunzi wetu, alipita mstarini na rungu, anauliza huku anapiga.

Mimi aliniuliza kwa nini mume aliniacha. Nikajibu kwamba niliyemwacha ni mimi. Hapo ndipo jino lilipokwenda zake.

"Asante, Afande," nikasema na mdomo umejaa damu. Ndivyo tulivyofundishwa kujibu.

Mtaniuliza nilikuwa nang'ang'ania nini. Nilikuwa namng'ang'ania binti yangu wa miaka sita. Hakimu alinipa mpaka Ijumaa saa nane mchana. Nilete barua ya ajira yenye mhuri, mtoto abaki kwangu. Nisipoileta, aende kwa baba yake. Alisema mama anayelala sebuleni kwa dada yake bila kazi hawezi kudai kwamba ana pa kulelea mtoto.

Baba mtu ni fundi wa magari. Ana nyumba, ana gereji, ana mashahidi. Ana na mkono pia. Mwaka jana mtoto alimwaga chai, akamzaba kibao sikio likatoa damu siku mbili. Sikio lile mpaka leo halisikii vizuri. Hakimu aliniuliza cheti cha daktari kiko wapi. Sikuwa nacho, kwa sababu siku mbili hizo mlango ulikuwa umefungwa kwa nje.

Kwa hiyo meno yangu yote yangeweza kwenda. Ningesema asante kwa kila moja.

Ijumaa nikafika getini alfajiri, shavu limevimba kama nimeficha andazi. Ulikuwa usaili wa nane. Tumebaki wawili, mimi na Mpishi. Nafasi zilikuwa mbili pia, na mtu mwenye akili timamu angedhani mambo yamekwisha. Lakini nafasi moja ilikuwa na mwenyewe tangu siku ya kwanza. Mpwa wa Bosi. Tulimwita Binti Feni, maana tulipokuwa tunakimbizwa juani yeye alikaa ofisini chini ya feni akituhesabia mizunguko, na mara nyingine alisahau akaanza moja upya.

Mpishi alikuwa amepikia shule miaka kumi na mmoja. Mikono yake ilitengenezwa na masufuria, minene mpaka kwenye vifundo. Shule ilipoleta wapishi wa mkataba akatolewa, na mwaka huohuo mume wake akaanguka kutoka kwenye paa alilokuwa anaezeka. Yuko kitandani mpaka leo. Mpishi ndiye aliyenifundisha kufunga vitambaa vidoleni kabla ya kukimbia. Usaili wa tatu nilikwenda na mtoto kwa kukosa wa kumwachia, na yeye ndiye aliyempakata zamu yangu ya kukimbia ilipofika. Nawaambia haya ili mjue nilimfanyia nani.

Asubuhi ile akanivuta nyuma ya tangi la maji.

"Leo watatupiganisha," akasema. "Nimemsikia Karani wa ofisini anacheka na Afande."

"Tutafanyaje?"

"Tusipigane. Tutasukumana kidogo, tutaanguka, tutapakaa vumbi. Waamue wenyewe. Wametuchapa vya kutosha, hawatatufanya tuchapane."

"Na wakimchukua mmoja?"

"Mwingine atampa mkono wa pongezi, halafu atakwenda kulia kwake."

Tukapeana mkono. Aliubana wangu mpaka ukaniuma, akacheka. Mimi nikacheka kwa upande usiovimba.

Saa tano Afande akatuleta uani, mbele ya ghala. Karani akaja nyuma yake na meza ndogo, mhuri, na karatasi moja. Ilikuwa barua ya ajira. Imechapwa, imegongwa mhuri, ina tarehe ya siku ile. Pa jina tu ndipo palikuwa patupu. Nikaitazama kwa uchu mpaka nikaona haya.

"Sheria ni hizi," Afande akasema. "Mmoja ni mlinzi, anakaa mlangoni na rungu. Mmoja ni mwizi, anaingia mikono mitupu. Mwizi akigusa ukuta wa nyuma, barua ni yake. Filimbi ikilia hajagusa, barua ni ya mlinzi. Dakika tano."

"Afande, rungu la kweli?" Mpishi akauliza.

"Ulitaka la sifongo?"

Kizibo cha chupa kikarushwa, mimi nikaangukia kuwa mlinzi. Afande akanipa rungu lilelile lililoning'oa jino.

Filimbi ikalia. Mpishi akaja mbio, tukakumbatiana kama walevi, tukasukumana huku na huku. Nikampiga begani kwa upande wa mkono. Akaguna kwa sauti kubwa kuliko pigo, nusura nicheke. Tukaanguka. Tukasimama. Tukaanguka tena.

"Karani," Afande akasema taratibu, "hawa hawana shida na kazi. Chana hiyo barua. Tutatangaza upya mwezi ujao."

Karani akaishika barua kwa vidole viwili huku na viwili kule. Hakuonekana kusita. Nikaona ncha ya juu inaanza kuachana.

Sijui nimweleze nani. Nilimwona mtoto wangu anapandishwa kwenye gari la baba yake. Nilimwona wazi, na sandali zake, na zile nywele anazokataa kuchanwa. Nikamgeukia Mpishi nikampiga rungu la paja, la kweli.

Akayumba. "Mwenzangu, vipi?"

Nikampiga la pili, palepale.

Karani akaiweka barua mezani. Afande akasema, "Haya, sasa tunaonana."

Mpishi akanitazama. Nimewahi kutazamwa na mume mwenye spana mkononi, na sikuogopa vile. Akanijia mzimamzima. Alinikamata koo kwa mkono mmoja akanigonga kwenye mlango wa bati, ghala zima likavuma. Akanigonga tena. Nikamsukumia goti tumboni, hakulisikia. Akaniinua, akanitupa pembeni kama gunia, akaingia.

Nikamdaka mguu. Nikamng'ata shavu la mguu kwa meno niliyobakiwa nayo mpaka nikaonja damu isiyo yangu. Akapiga kelele, akaanguka kifudifudi juu ya saruji. Nikampanda mgongoni na kumchapa rungu kwenye mbavu. Akajigeuza, akanipiga kichwa cha pua. Macho yakajaa maji, sikuona kitu, nikawa napiga tu mahali ninaposikia pumzi.

"Dakika moja," Afande akasema.

Sasa nifike pale ambapo kwa siku kadhaa nimekuwa nikipakwepa kuandika.

Mpishi aliniachia akainuka. Alikuwa karibu na ukuta wa nyuma kuliko mimi, hatua mbili, labda tatu. Angeweza kuugusa. Lakini alisimama. Alihema, akanitazama nilivyojaa damu, akauinua mkono wa kulia, kiganja wazi, kunionyesha yamekwisha. "Basi," akasema. "Basi, mama. Chukua."

Mimi nilimsikia. Watu wakiniuliza nasema sikusikia, lakini nilisikia kila neno. Nikaupiga mkono uleule.

Ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Nilisikia kabla ya kuona. Hakupiga kelele. Alikaa chini polepole kama mtu anayetafuta kiti, akaushika kwa mkono wa kushoto, akawa anautazama tu. Filimbi ikalia.

Afande akapiga makofi. "Huyo ndiye mlinzi," akamwambia Karani. "Miezi minne nimekuwa namtafuta."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kwa muda wa kama kuhesabu mpaka tano nilifurahi kabisa. Kisha nikaona ule mkono umeanza kuvimba, furaha ikanitoka nikatapika palepale.

Nikadhani yamekwisha. Karani akaweka karatasi nyingine mezani, tupu, na kalamu juu yake.

"Maelezo," Afande akasema. "Andika kwamba baada ya usaili kumalizika, mwenzako alikuvamia kwa jiwe, nawe ukajilinda."

"Jiwe gani, Afande? Hapakuwa na jiwe."

"Tuandike nini basi? Kwamba mlivunjana kwa amri yangu?"

"Akiandikwa hivyo atafanywaje?"

Karani ndiye aliyejibu, huku anakagua wino wa mhuri. "Hatatibiwa na kampuni. Na jina lake litaingia kwenye orodha. Kampuni zote za ulinzi zinapeana orodha. Hakuna geti litakalompokea mpaka azeeke."

"Sitaki kuandika."

"Usiandike," Afande akasema. Akaichukua barua yangu ya ajira. "Hii inarudi kwenye faili."

Saa ya ukutani ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Mpishi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hatua nne kutoka mezani. Alikuwa anasikia yote. Nilitaka aniambie kitu, anitukane hata, nipate sababu. Hakunipa sababu.

Nikakaa nikaandika. Jiwe nililipa ukubwa. Nililipa na rangi. Mwandiko wangu ni mzuri, shuleni nilisifiwa, na siku ile haukutetemeka.

"Andika wazi," Mpishi akasema kutoka kwenye ndoo. "Wasije wakashindwa kusoma."

Nikatia saini. Karani akajaza jina langu kwenye barua, akanipa. Nikaikunja mara nne nikaitia ndani ya sidiria, nikashika njia ya geti. Mahakama iko nusu saa kwa pikipiki. Ningefika mapema, ningenawa uso, ningeomba hata shati la dada.

"Unakwenda wapi?" Afande akauliza.

"Mahakamani, Afande. Nilikueleza tangu usaili wa kwanza."

"Barua yako inasema unaanza kazi lini?"

Nikaipapasa kifuani. Sikuwa nimeisoma mpaka mwisho.

"Inasema leo, saa sita kamili. Sasa ni saa sita na dakika tano. Uko lindoni. Lindo linaachwaje?"

Miezi minne tulilikariri lile jibu tukiwa tumepiga magoti kwenye kokoto. Mdomo ukajibu wenyewe. "Kwa kukabidhi, Afande."

"Eleza."

"Anayetoka anampa anayeingia rungu. Wote wawili wanasaini kitabu cha zamu. Majina yakiwa mawili, lindo limepokewa. Jina likiwa moja, aliyetoka ametoroka."

"Na aliyetoroka?"

"Barua yake imekufa."

"Imekufa. Na ikionekana mahakamani nitapiga simu hukohuko niseme imekufa." Akanigusa bega kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko rungu.

"Nani ananipokea, Afande?"

"Mpwa wa Bosi. Saa kumi na mbili jioni." Akafikiri. "Akikumbuka."

Nilipiga magoti. Sikuamriwa, nilipiga mwenyewe, nikamshika suruali. Nikamwambia kuhusu sikio la mtoto. Nikamwambia aikate siku hiyo kwenye mshahara, akate hata mwezi mzima, anipige, avunje jino jingine. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwamba sasa ananielewa: mtu anayeweza kulia vile akiwa lindoni hajaiva, na leo lindo litamwivisha.

Wakaondoka kwenye gari la kampuni, yeye na Karani, kupeleka karatasi makao makuu. Mpishi aliomba lifti mpaka hospitali. Karani akamwambia gari si la wavamizi.

Tukabaki wawili uani, na mimi nikiwa na rungu.

Saa saba na dakika tano simu ikalia. Dada.

"Uko wapi wewe? Fundi amefika. Amekuja na mama yake, wana begi la nguo za mtoto tayari."

"Nakuja."

"Mtoto ameshika mguu wangu haachii. Karani wa mahakama anasema tuko wa kwanza wakirudi kutoka kula. Unakuja saa ngapi?"

"Nakuja, dada."

"Unalia?"

Nikakata. Nilikuwa nalia kwa sauti, kamasi na damu pamoja. Nilijaribu geti, likafunguka. Ningeweza kutoka. Ningefika na barua iliyokufa sidiriani, na Afande angempigia hakimu simu kusema imekufa, Fundi akisikiliza kwa furaha.

"Funga geti," Mpishi akasema. "Vumbi linaingia kwenye mkono wangu."

Nikafunga. Alikuwa ameufunga ule mkono kwa kitambaa cha kichwani. Alikuwa anamngoja mdogo wake aje na pikipiki. Uso ulikuwa umepauka, jasho linamchuruzika, lakini sauti ilikuwa ileile ya nyuma ya tangi.

"Mimi nimevaa nini?" akauliza.

"Nini?"

"Nimevaa nini? Tazama."

Alikuwa amevaa sare ya mafunzo, kama yangu.

"Karatasi yako ya jiwe haijafika makao makuu," akasema. "Wana foleni ya kupita, na Afande lazima ale kwanza. Mpaka ifike, mimi ni msailiwa wa kampuni hii, nimefunzwa, nina sare. Naweza kupokea lindo."

Nilidhani maumivu yamempanda kichwani. "Utanipokea wewe?"

"Mdogo wangu akija atakaa nami hapa. Mkono umeshavunjika, saa mbili zaidi mpaka urudi hazitauvunja upya."

"Kwa nini unifanyie hivyo?"

"Wewe sikufanyii kitu. Mtoto hajanivunja mkono."

Nikataka kumshika miguu. Akairudisha nyuma ya ndoo nisiiguse.

"Lete kitabu."

Nikakileta, nikakifungua mezani. Nikasaini upande wa aliyekabidhi. Nikamsogezea kalamu, nikaiweka upande wake wa kushoto. Hakuishika.

"Rungu kwanza. Hiyo ndiyo sheria."

Nikampa rungu. Akalipokea kwa mkono wa kushoto, akalipima uzito juu chini. Mkono wa kushoto wa mtu aliyekoroga masufuria miaka kumi na mmoja hauna tofauti kubwa na wa kulia.

"Saini basi," nikamwambia. "Ni saa saba na robo."

"Wewe ulinipa mkono wa makubaliano asubuhi, ukaja ukalipa unavyojua. Mimi nitasaini mwisho." Akasimama. "Weka mkono mezani."

Nilimwelewa mara moja. Sikuuliza kwa nini. Simu ilikuwa inalia tena mfukoni, na nilijua ni dada, na nilijua saa nane inakaribia.

"Upi?" nikauliza.

"Ule ulioandika jiwe."

Nikaukunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko, nikaulaza juu ya kitabu cha zamu, pembeni ya jina langu. Mahali pa jina lake palikuwa bado peupe. Mpishi akapanua miguu kidogo, kama tulivyofundishwa, akainua rungu.